Mkaja Ambao Mama Hakuufungua

Nimefunga mkaja. Mwanamume mzima, mwenye wajukuu, mwenye nyumba nilizozisimamisha kwa mikono yangu mwenyewe, nimekaa barazani na mkaja chini ya msuli niliouvaa, na anayetaka kucheka aanze sasa amalize mapema. Wenzangu wa rika langu mnaujua. Vijana wa siku hizi wanaweza wasiujue, basi nawaambia: ni kitambaa kipana wanachojifunga wanawake wetu wa pwani wakishazaa, kukaza tumbo na kurudisha nyonga mahali pake, mpaka arobaini itimie. Kisha hufunguliwa, hufuliwa, hukunjwa, hungoja mtoto mwingine. Huu nilioufunga ni wa marikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, na ulikuwa wa mama yangu. Umekaa sandukuni tangu alipofariki. Juzi nilipoufunua ulikuwa bado una harufu, ndogo, ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Nikakaa chini ghafla, na mtu mwenye nyonga kama yangu hakai chini ghafla bila kulipia.

Mama yangu alitembea kwa kuanguka. Sijui niseme vipi vinginevyo. Kila alipokanyagia mguu wa kushoto, upande wa kulia wa kiuno ulishuka, na hapohapo mwili mzima ukajitupa kushoto kwenda kuuokoa. Kisha mguu wa kulia ukafika chini, akawa mtu kama watu wengine kwa hatua moja, halafu akaanguka tena. Kwenye mbuzi ya kukunia nazi hakuweza kukaa kama wenzake. Paja la kushoto lilikataa kufunguka, kwa hiyo alikaa kwa kalio moja, mguu kaunyoosha mbele kama fimbo, na ubao wa mbuzi yetu uliliwa upande mmoja tu. Watoto wa mtaani kwetu, hapahapa Bagamoyo, walimwita Bata. Wala hawakumwita kwa siri.

Baba sikumjua, alikufa nikiwa bado nanyonya. Tulikuwa mimi na mama, basi. Nilichelewa kutembea, na hata nilipotembea nilichoka upesi, kwa hiyo nilibebwa mpaka umri ambao mtoto anapaswa kuona haya. Asubuhi mama alikwenda sokoni kuuza vitumbua: sinia kichwani, mimi nyongani, upande wa kushoto, siku zote kushoto. Ule upande mbovu. Nakumbuka nilivyokuwa naukalia ule mfupa. Chini ya kanga, chini ya mkaja, palikuwa na ukingo mgumu, nami nimeupanda kama mtu aliyepanda ukuta, mguu mmoja mbele yake, mguu mmoja nyuma. Kutoka kule juu dunia ilinukia iliki na moshi na ile karafuu aliyojichulia, na niliona paa za makuti, na sikumwogopa mtu.

Kabla ya kutoka alifunga mkaja. Kila siku ya Mungu. Ncha moja nilishika mimi, nyingine aliibana tumboni, akajizungusha taratibu akija kwangu huku kitambaa kinamzinga. “Kaza, baba, kaza,” aliniambia, nami nikajirudisha nyuma kwa uzito wangu wote mpaka visigino vikachimba sakafu ya udongo. Alipofika kwangu alikuwa anahema na anacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani, na niliifanya vizuri.

Siku moja jioni wanawake walikaa uani kwa jirani yetu, Bi Mwajuma, wanasuka ukili wa mikeka. Binti yake alikuwa ametimiza arobaini siku ileile, kaoga, kafungua mkaja, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba. Mimi nilikuwa nyongani kwa mama, nimejilaza. Bi Mwajuma alikuwa na mdomo ambao haukujua kupumzika.

“Shoga, mwenzio kaufungua wake. Wako huo wa mwaka gani?”

“Wangu mwenye nao huyu hapa,” mama akasema, akanipiga paja. “Hajatoka bado.”

“Toba! Jitu lote hilo halijatoka?”

“Limetoka kichwa tu.”

Wakacheka mpaka ukili ukawaponyoka. Mwingine akauliza, “Kumbe ndiye aliyekupinda?”

“Ndiye huyu. Hebu angalieni, alipokaa yeye ndipo palipopinda. Siku atakayotoka mwilini mwangu nitaufungua, niwapigie na vigelegele.”

Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Mnielewe. Mtoto wa pwani alijua habari za mkaja kama alivyojua habari za kufuturu. Mwanamke akizaa hufunga, akipona hufungua. Binti wa Bi Mwajuma kafungua, amepona. Mama yangu hajafungua, hajapona. Na hajapona kwa sababu yule aliyemuumiza hajashuka. Kaketi palepale kwenye kidonda, kila asubuhi, na sinia la vitumbua juu yake. Hesabu ilikuwa imenyooka. Hata leo, nikiitazama kwa akili yangu ya kizee, naona ilinyooka. Ilikosa ukweli tu.

Kesho yake alipochuchumaa kwa ule mguu wake mzima ili nipande, nilirudi nyuma.

“Panda.”

“Sitaki.”

“Umekasirika?”

“Natembea.”

“Njia ndefu, baba, utachoka.”

“Sichoki.”

Akasimama, sinia kalishika kwa mkono mmoja, akaniangalia. “Panda bwana. Ukikaa hapa naona nafuu.”

Nilimtazama usoni. Nilizijua hizo danganya toto. Dawa si chungu, sindano haiumi, mama kashiba kula wewe. Wazazi wote husema hivyo. Nikatangulia mbele.

Sasa sikilizeni kilichonimaliza. Bila mimi, mama alitembea vibaya zaidi. Niliona kwa macho yangu. Kiuno kilishuka zaidi, mwili ukajitupa zaidi, mpaka sinia likaanza kuyumba na kitumbua kikaanguka mchangani. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nilijibu kabla ya kuuliza: nimemharibu kuliko nilivyodhani, na tundu nililomtoboa nilikuwa naliziba kwa mwili wangu mwenyewe.

Basi nikazidi kujiondoa. Niliacha kulala ubavuni kwake, nikatandika mkeka wangu karibu na mlango. Nikaacha kuegemea bega lake alipokuna nazi. Ncha ya mkaja nayo nikaiachia. Siku ya kwanza aliiona imelala mkekani. Aliifunga kwenye mguu wa kitanda akajizungusha mwenyewe, na kitanda kikakokota sakafuni kwa sauti ambayo bado ninayo masikioni. Chakula nilikula kidogo ili niwe mwepesi, nikiamini wepesi nao utasaidia. Na kila asubuhi nilifungua jicho moja kutazama: leo atafunga, au leo hatafunga? Alifunga.

Watoto wa mtaa nao hawakulala. Walituona tunapita mmoja mmoja wakapata nyimbo mpya. “Bata kaachwa na kifaranga! Kwe kwe kwe!” Siku hiyo niliongeza mwendo, machozi yananitoka, sikutaka mama ayaone. Nilipofika pembeni mwa soko nikageuka. Alikuwa amesimama mbali kabisa, kivulini, sinia kichwani, anangoja nipotee watu wasijue tu pamoja. Tangu siku hiyo alisema yeye mwenyewe, kila asubuhi, kwa sauti nzuri tu: “Tangulia, baba, nakuja.”

Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Niliona ameelewa, na tumeshirikiana.

Ami yangu Selemani, mdogo wake baba, alikuwa Lugoba anapasua mawe ya kokoto. Alikuja kututembelea akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wakati anaaga nilimshika kanzu nikasema nataka kwenda naye. Ami akacheka. “Utapasua mawe na mikono hiyo?” Mama hakucheka. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua hata palipokuwa hapana chuya.

“Kwangu umechoka?” akaniuliza.

“Nataka kwenda.”

“Nimekuuliza umechoka?”

Ningesema nini? Ningesema nataka upone, angenikataza, kama kawaida yao. Nikasema, “Nimechoka.”

Alikunja kaptula zangu vizuri, akatia na vitumbua kwenye jani la mgomba. Kwenye lori hakuja. Alifika mpaka kona ya mwisho akasimama hapo, kwa mguu mmoja, ule mwingine kaupumzisha. Nilimwona anakuwa mdogo. Niliwaza: sasa nimetoka. Sasa ataufungua.

Lugoba hapakuwa na kitu cha kumpa mtoto. Mawe, jua, magari yanayopita barabara kubwa bila kutuangalia. Ami hakuwa mbaya. Hakuwa na maneno, basi. Nilikaa siku nzima mbele ya rundo, jiwe juu ya jiwe, nyundo juu ya jiwe, na nilipochoka nilijisimulia mama anavyotembea. Nilimnyoosha kidogo kila siku. Leo kiuno kimeshuka kidogo, kesho pungufu ya hapo. Mpaka mwezi wa Ramadhani ulipokwisha alikuwa ameshanyooka kabisa kichwani mwangu, anatembea na sinia kama yule binti wa Bi Mwajuma, na hakuna mtoto wa mtaani aliyekuwa na la kusema. Kulikuwa na mwanamke mmoja pale aliyeuza uji, akaniuliza, “Wewe mwana, huwa unacheka na nani?” Nikainamia rundo langu.

Ami akanirudisha Bagamoyo kwa Idi. Mama alikuwa mlangoni, kavaa kanga mpya, kashika mwimo. Sikuangalia uso wake. Nilikimbia nikamkumbatia kiunoni, na mikono yangu ikatafuta. Chini ya kanga, palepale, imekaza: marikani. Fundo nililijua.

Akanishika kichwa. “Umenikumbuka?” Nikamwachia kama mtu aliyeungua. Nilikaa Idi yote kwenye ngazi ya jirani. Siku ya kurudi Lugoba niliwahi kupanda lori kuliko ami mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimegundua kosa langu: sikukaa mbali vya kutosha.

Hivyo ndivyo nilivyoikosa shule, na ndivyo nilivyokuwa mtu. Kutoka kokoto nikaenda Chalinze kufyatua tofali, kutoka tofali nikajifunza uashi, na leo nikipita barabara ile naweza kukuonyesha kuta zangu moja moja na hakuna hata moja yenye ufa. Sikumwomba mtu. Nilimtumia mama fedha, nikamjengea chumba cha bati, nikaja Idi nikaondoka. Nilipokua niliacha kuamini kwamba mtoto anaweza kumpinda mama yake kwa kukaa. Lakini kuacha kuamini jambo si kulitoa. Liliondoka, pale pakabaki shimo, na sikupata cha kulijazia. Tukazoea kukaa mbalimbali, yeye mwanzo wa baraza, mimi mwisho, tunaulizana hali kama wageni wenye adabu.

Alipofariki, wanawake walimkosha, kisha Bi Mwajuma akanitokea uani, mzee naye, kitambaa kimekunjwa mkononi.

“Tumeufungua sisi,” akasema.

Nikaupokea.

“Na nikwambie, maana mimi nami nakwenda. Mama yako hakuwa na kinyongo. Alisema ulikuwa unamwonea haya, ule mwendo wake. Alisema mtoto ana haki, watu walikuwa wanamcheka. Ndiyo maana akakuacha uende na ami yako.”

Nilisimama pale kama nguzo isiyo na paa. Watu walikuwa wananiita kwenye jeneza. Nilitaka kumwambia Bi Mwajuma siyo, siyo hivyo hata kidogo, lakini ningemwambia nini, mzee yule anayelia? Kwamba nilimkimbia mama yangu ili apone? Nikaenda kubeba jeneza. Nilibeba kwa bega la kushoto.

Miaka imepita, na nyonga yangu ya kushoto ikaanza. Kwanza ngazi, kisha kupanda pikipiki, kisha sala. Kusujudu naweza, kuinuka ndiyo kazi. Sasa nakaa kwenye kiti cha plastiki mwisho wa safu, peke yangu na ukuta. Binti yangu Mwanahawa hakunisikiliza, akanipeleka hospitali Dar es Salaam kwa daktari wa mifupa, binti mdogo tu, mwenye adabu zake.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba.”

Alinilaza, akaukunja mguu, akauzungusha, mahali fulani ukagoma nikatukana, akasema, “Hapo hapo nilipopataka.” Akanisimamisha kwa mguu wa kushoto peke yake, na nikauhisi upande wa kulia wa kiuno unashuka. Sikuhitaji kioo. Niliujua mshuko ule. Nimeutazama utoto mzima.

Akanieleza kwamba mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kikombe cha nyonga, na kikombe changu hakina kina.

“Kama mchi ndani ya sahani,” nikasema.

“Ehe, badala ya kinu. Umezaliwa nacho, babu. Kichwa kimekuwa kinakaa ukingoni maisha yako yote, mpaka kikala ule utando laini wa kwenye kiungo. Kwenu nani alikuwa anatembea hivi?”

“Mama yangu.”

“Mguu upi?”

“Huuhuu.”

“Basi umechukua kwake. Ulichelewa kutembea?”

Nilikuwa nawaona wanawake uani na ukili wao. Alipokaa yeye ndipo palipopinda. Kumbe palikuwa pamepinda mimi sijakaa.

Yeye hakujua niko wapi, akaendelea. Akachukua mkoba wa Mwanahawa, mzito, wanawake wanajua wanachotia humo, akanipa. “Shika kwa mkono wa kulia, tembea mpaka mlangoni.” Nilipiga hatua chache nikakaribia kuanguka. Akanidaka. “Sasa shika kwa mkono wa kushoto. Upande unaouma.”

“Upande mbovu niuongezee mzigo?”

“Tembea tu.”

Nikatembea. Wenzangu, nilitembea. Mwanamume na mkoba mwekundu wa kike, nimenyooka kuliko nilivyonyooka mwaka mzima. Mwanahawa alikuwa anacheka kwa furaha.

“Ukisimama kwa mguu mmoja,” daktari akasema, “mwili unaning’inia upande wa ndani, na msuli wa nje ya nyonga ndio unaovuta ili kiuno kisidondoke. Wako umechoka. Ukitia mzigo upande uleule wa nyonga mbovu, mzigo unafanya kazi ya msuli.”

Hilo sikuhitaji darasa. Ni boriti juu ya nguzo moja. Uzito wote uko upande huu, upande ule umefunga kamba inayovuta kuisawazisha. Kamba ikilegea, ning’iniza jiwe pale kwenye kamba, boriti inakaa sawa. Nimefanya hivyo kwenye kazi mara nyingi. Nikarudi kitandani nikakaa na ule mkoba mapajani, na daktari akadhani naumwa, akaniuliza babu vipi. Nikasema hakuna kitu. Nilikuwa nimepachikwa nyongani, upande wa kushoto, siku zote kushoto, na sinia lilikuwa halitikisiki.

Alinipa mkanda wa kujikazia kiunoni wakati nangoja matibabu zaidi. Mkanda wa dukani unanuka mpira, unawasha. Nikautupa, nikafungua sanduku.

Leo asubuhi nilimwita Mwanahawa ndani nikampa ncha. Alikuwa hajui. “Shika hapo. Rudi nyuma. Kaza, mama, kaza.” Nikajizungusha kuelekea kwake, taratibu, mpaka kitambaa kikaniishia na nikamfikia. Hakucheka, mtoto ana heshima. Tukaenda sokoni. Kutoka mlangoni, ulimi wangu ukamwambia wenyewe, “Tangulia, nakuja,” na akatangulia, mpaka karibu na kona. Nikayasikia maneno yale yametoka kwa nani.

“Mwanahawa! Rudi.”

Alirudi mbio. “Umeanguka?”

“Sijaanguka. Tembea hapa na mimi.”

Tukanunua nazi na viazi, kikapu kikawa kizito, nikakichukua kwa mkono wa kushoto. Vijana kwenye kijiwe walitutazama, mmoja akasema kitu, wenzake wakacheka. Mwanahawa akanyoosha mkono.

“Baba, nipe hicho. Utaumia bure.”

“Niachie. Kikikaa hapa naona nafuu.”

Akaniangalia usoni kidogo, vile mtoto anavyomwangalia mzazi anayemwambia dawa si chungu. Kisha akainamisha macho kwa adabu.

Hakuniamini.